Ukuta Uliomzidi Hakimu Kimo

Nchi yenyewe tusiitaje jina, maana kila mmoja wetu ana mlango wake wa kutokea na anaupenda. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya haki na utaratibu, na kwamba viwili hivyo vinapokutana kwenye kichochoro, haki husogea pembeni kwa adabu ili utaratibu upite kwanza.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo, mtaa wa Vigae, aliishi fundi cherehani aitwaye Bi Siwatu pamoja na mumewe, Bwana Feruzi. Bwana Feruzi alikuwa mpeleka barua mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne aliuzunguka mji kwa miguu, mfuko wa barua begani, na alipostaafu miguu ilikataa kustaafu naye. Kila alasiri alivaa kofia yake ya kazi, akashika njia yake ileile ya zamani, nyumba kwa nyumba, akiwasalimu watu na kuwaarifu kwamba leo hawana barua. Watu walimzoea. Wengine walikuwa hawalali vizuri mpaka waambiwe hawana barua. Kitu kilichowashangaza ni mwili wake tu: pamoja na kutembea kote huko, alikuwa mnene wa kuujaza mlango, na hakupungua hata kidogo.

Jirani yao alikuwa Bwana Nasibu Kigwe, ambaye mwaka huo alipandishwa cheo akawa Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Mapambo ya Taifa. Waraka wa serikali ulisema wazi kwamba afisa wa daraja hilo anastahili ukuta. Haukusema wa kuzuia nini. Uwanja wa Bwana Kigwe ulikuwa umeshajaa: banda la gari, tausi wawili, na sanamu yake mwenyewe ya saruji ikiwa imenyoosha kidole mbele. Basi akaamuru ukuta wake ujengwe penye nafasi, na nafasi iliyokuwa karibu ilikuwa mbele ya mlango wa Bi Siwatu.

Ulijengwa mchana mmoja, Bi Siwatu akiwa dukani kununua nyuzi na Bwana Feruzi akiwa amelala. Bi Siwatu aliporudi alikuta mistari ishirini na mmoja ya matofali ya kuchoma, shubiri moja tu kutoka mlangoni pake, imeungana na nyumba huku na huku. Nyumba yao ilikuwa na mlango huo mmoja. Kilichobaki ni kidirisha cha jikoni.

Bi Siwatu, ambaye alikuwa mwembamba, alipanda juu ya ndoo akapita dirishani. Bwana Feruzi naye akajaribu kutoka. Kichwa kilipita, bega moja likapita, kisha mambo yakasimama. Majirani wakamvuta, halafu wakamsukuma, halafu wakakaa kujadiliana kama ni heri awe nje nusu au awe ndani mzima. Mwishowe walimpaka mafuta ya nazi, wakamrudisha ndani. Akaenda akafungua mlango, akaukabili ukuta uliokuwa karibu kiasi cha kuunusa.

"Mama Zaina," alimwambia mkewe, "leo sitapita kwa watu. Watadhani wana barua."

Kesho yake asubuhi Bi Siwatu alitoka dirishani, akajikung'uta, akaenda kufungua kesi.

*

Mahakama ya chini ya mji ule ilikuwa chini ya Mheshimiwa Hakimu Mwinyikambi, mtu mpole, mcheshi, mpenda chakula, na mfupi. Hatusemi ufupi wake kwa kumdharau. Tunausema kwa sababu sheria nayo ilikuwa imeuzingatia.

"Ukuta una mistari mingapi ya matofali?" hakimu aliuliza baada ya kusoma hati ya madai.

"Ishirini na mmoja, mheshimiwa," alijibu Bi Siwatu.

Hakimu alikunja uso, akamgeukia karani wake. "Pazi, mimi nina mistari mingapi?"

Karani Pazi alikuwa mtu mkavu aliyezeeka na mihuri. Alifungua daftari kubwa, akateremka na kidole. "Kumi na minane, mheshimiwa. Kumi na minane na saruji kidogo ya juu."

"Basi umenizidi," alisema hakimu kwa masikitiko ya kweli. "Mama, sheria yetu ni nzuri sana. Inasema hakimu asihukumu ukuta uliomzidi kimo, maana hawezi kuona kilichoko ng'ambo, na atahukumuje asichokiona? Ungekuwa na ukuta wa mistari kumi na minane, ningekumalizia shauri lako kabla ya chai. Huu lazima uende Mahakama ya Juu, ambako kuna jaji."

"Mheshimiwa, ng'ambo yupo mume wangu. Mimi nimemwona leo asubuhi."

"Wewe umemwona. Mahakama haijamwona." Hakimu alimtazama kwa huruma. "Mpe salamu zangu. Mwambie yumo ndani kwa muda tu, mpaka kesi ihame."

Bi Siwatu aliuliza kesi inahama vipi. Alidhani karani atalitia faili kwapani, avuke uwanja, maana Mahakama ya Juu ilikuwa ng'ambo ya uwanja uleule, hatua themanini, na kutoka pale alipokaa aliweza kulisoma bango lake. Karani Pazi alitabasamu, akatoa fomu yenye kurasa kumi na moja.

Hapa inabidi tueleze jambo. Serikali ya nchi ile ilipenda kubana matumizi, kwa hiyo ilichapisha fomu moja tu ya uhamisho kwa vyote vinavyohama. Walimu walihamishwa kwa fomu hiyo, wauguzi, wakuu wa wilaya, jenereta la hospitali, na simba mmoja wa bustani ya wanyama ambaye mpaka leo kumbukumbu zinaonyesha ana stashahada. Kesi nayo ilihamishwa kwa fomu hiyohiyo, na karani Pazi hakuwa mtu wa kuruka kipengele.

"Jina la mhamishwa?"

"Kesi ya madai namba sabini na mbili," alisema Bi Siwatu.

"Jinsia?"

Bi Siwatu alilitazama faili.

"Tutaandika ya kike, imeletwa na mwanamke. Hali ya ndoa? Haijaolewa, bado changa. Wategemezi?"

Hapo Bi Siwatu hakusita. "Mmoja," alisema. "Yuko nyumbani, anaitegemea kweli."

Karani aliandika, akapiga muhuri, akampa Bi Siwatu orodha ya kukaguliwa. Hakuna mtumishi anayeruhusiwa kuondoka kituoni bila kuthibitishwa kwamba hana kitu cha ofisi, na kesi isiyokaguliwa, alisema karani, haihami, inatoroka. Ikamchukua Bi Siwatu wiki tatu. Mama wa kantini alithibitisha kwamba kesi haikuondoka na kikombe. Mkutubi alithibitisha kwamba haikuazima kitabu. Kocha wa timu ya mahakama alisumbua kidogo, kwa sababu jezi namba saba ilikuwa haionekani, na kesi ilishukiwa mpaka jezi ilipopatikana kwa bawabu, ndani ya shati. Zahanati nayo ililipima faili joto, likasikilizwa kifuani, likaandikiwa lisikae penye vumbi.

Kila jioni Bi Siwatu alirudi, akapita dirishani, akampikia mumewe na kumweleza hatua iliyofikiwa. Kwa kumwonea huruma alimpakulia zaidi ya zamani. Na Bwana Feruzi, ambaye sasa safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi mlangoni, alizidi kujaa. Kwa macho ya fundi, Bi Siwatu aliona kila wiki inavyoongeza kiuno, na kila wiki kile kidirisha kilizidi kuwa kidogo.

*

Baada ya ukaguzi ikabaki hafla ya kuaga, maana mhamishwa hawezi kuondoka kimyakimya kana kwamba alikosana na watu.

Liliwekwa turubai katikati ya uwanja. Zilikodiwa spika mbili, na mshereheshaji mwenye koti la kumetameta aliwaomba wageni wapige makofi ya kopa, halafu ya kilo, halafu ya kusagia mahindi. Faili liliwekwa kwenye kiti cha mbele, limevishwa shada la maua. Keki ilikuwa ya rangi tatu, imeandikwa namba 72. Bi Siwatu, ambaye ndiye mdai, alipewa kiti safu ya sita, nyuma ya nguzo.

Hakimu Mwinyikambi alisimama kutoa neno. "Kesi hii," alisema, "ilikuja kwetu ikiwa karatasi moja. Haina kitu. Haijui mtu. Leo hii tunaiaga ikiwa na kurasa hamsini na nne na jalada gumu." Sauti ilimkwama, akapewa maji. "Sisi tumeilea. Huko uendako, usitusahau."

Watumishi wawili wa masjala walilia waziwazi.

Kisha mshereheshaji akamkaribisha mgeni rasmi, na mgeni rasmi hakuwa mwingine ila Bwana Nasibu Kigwe, mdaiwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na cheo kikubwa mtaani. Alivaa suti nyeupe. Aliusifu uhuru wa mahakama, akaisifu kesi kwa nidhamu yake, akasema yeye binafsi anajivunia kuhusishwa nayo. "Wapo watu wanaosema ninajenga kuta," alisema akicheka. "Ni kweli! Na nani asiyejua kwamba ukuta ni pambo?" Alishangiliwa sana. Kwa niaba ya idara yake, akalizawadia faili blanketi na saa ya ukutani.

Bi Siwatu aliangalia kidole cha Bwana Kigwe kikilipapasa faili lake kama mtoto wa jirani anayebembelezwa. Alitaka kusimama apige kelele. Lakini watu walikuwa wanapanga foleni ya pilau, na yeye alikuwa na mtu wa kumpelekea. Akachukua sahani mbili, akazifunika kwa kanga, akaenda zake.

Kesho yake faili, blanketi na saa vilipakiwa kwenye lori la serikali. Lori lilizunguka mji mzima, kwa sababu dereva alikuwa ameelekezwa kusafiri, akafika ng'ambo ya uwanja saa kumi jioni.

*

Mahakama ya Juu iliipokea kesi kwa heshima na kuipa likizo ya siku ishirini na nane ya kupumzika kutokana na uchovu wa safari. Bi Siwatu alikwenda kila siku kuuliza. Kila siku alioneshwa faili kupitia kioo, limelala juu ya rafu chini ya blanketi, saa ikitembea juu yake.

"Imechoka, mama," alinong'ona mhudumu. "Tusiisumbue."

Likizo ilipokwisha, mahakama ikaandika wito kwa shahidi Bwana Feruzi: afike yeye mwenyewe, bila kukosa. Bwana Feruzi aliupenda wito ule. Ilikuwa barua ya kwanza kuipokea yeye badala ya kuipeleka, akaisoma mara kumi. Lakini hakufika, ni wazi kwa nini, na mahakama ikatoa hati ya kumkamata. Walikuja askari wawili. Walipita dirishani kwa shida, wakamkuta amekaa mkekani, wakanywa naye chai, wakaupima mlango kwa macho. Ripoti yao ilikuwa fupi: mhusika amepatikana, na amekwisha kufungiwa. Familia inapongezwa kwa ushirikiano.

Ulikuwa mwezi wa tano tangu ukuta ujengwe. Siku hiyo, askari walipoondoka, Bi Siwatu aliona kofia ya kazi imetundikwa kwenye msumari. Mumewe alikuwa akiivaa kila alasiri hata baada ya ukuta, akakaa nayo nyuma ya mlango hadi saa yake ya kurudi ilipofika, ndipo akaivua. Sasa vumbi lilikuwa limeikalia.

"Huivai?" alimuuliza.

"Ya nini?" alijibu Bwana Feruzi.

Bi Siwatu alikaa kwenye cherehani, akaikanyaga bila kutia kitambaa, ili mlio wake umfiche. Alilia kwa muda mrefu. Alimpenda mtu yule mwenye miguu isiyotulia, na hakumjua huyu aliyetulia.

Hatimaye siku ya kusikilizwa ikafika. Karani alipaza sauti, "Kooorti!" watu wakasimama, na Jaji Mlawa akaingia. Aliingia kwa awamu. Kwanza aliinama kuupita mlango, kisha akanyooka, kisha akaendelea kunyooka. Bi Siwatu alimtazama toka chini hadi juu, na kwa uzoefu wake wa kupima watu akajua mambo yameharibika kabla hajasikia neno.

"Ukuta una mistari mingapi?" aliuliza jaji.

"Ishirini na mmoja, mtukufu jaji."

"Mimi nina ishirini na mitatu." Jaji alilisogeza faili pembeni taratibu, bila kulifunua. "Kwangu mimi huu ni ukuta mfupi. Mahakama ya Juu haiwezi kushughulika na vitu vinavyoishia kwenye nyusi zake. Kuna mahakama ya chini kwa kazi hiyo."

"Lakini huko wamesema ni mrefu!" Bi Siwatu alisimama bila ruhusa. "Mtukufu jaji, kwa yule ni mrefu, kwako ni mfupi. Sasa mume wangu atokee kwa nani?"

Jaji alikuwa mtu wa haki. Alitafakari dakika nzima, akatoa amri: kesi irudi mahakama ya chini, na mahakama ya chini ihakikishe kwamba ina mamlaka kabla ya kusikiliza. Ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikanukuliwa kwenye magazeti kama uamuzi wa busara.

Kesi ikajaziwa fomu, ikakaguliwa vikombe, ikafanyiwa hafla. Safari hii keki ilikuwa ndogo.

*

Amri ya jaji ilimtesa sana Hakimu Mwinyikambi. Ahakikishe ana mamlaka, yaani apate mistari mitatu zaidi mwilini mwake, katika umri wa miaka hamsini na sita! Hata hivyo alikuwa mtumishi mwaminifu, akajitahidi. Aliomba wizarani viatu vya kisigino, akajibiwa kwamba sheria inamtaka apimwe miguu yake ikiwa chini, na kisigino si mguu. Alikunywa maziwa. Kila asubuhi alining'inia kwenye kizingiti cha ofisi huku karani Pazi akimvuta miguu, na baada ya wiki mbili hakupata kitu isipokuwa bega kuteguka. Ikapendekezwa kumsubiri hakimu mrefu. Mmoja alikuwepo mkoa wa mbali, angepatikana baada ya miaka tisa.

Bi Siwatu aliyasikiliza hayo mbele ya meza ya hakimu, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni, kwa sababu alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Miezi minane ilikuwa imepita.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi ni fundi cherehani. Nguo ikimzidi mtu, hatumvuti mtu. Tunapunguza nguo."

Hakimu, aliyekuwa bado ananing'inia, alijiachia akatua sakafuni.

"Unasema tubomoe ukuta?" karani Pazi aliuliza kwa hofu. "Mama, kubomoa ni hukumu! Hukumu haiwezi kutoka kabla ya kesi, na kesi haiwezi kusikilizwa kabla ya mamlaka!"

"Sijasema kubomoa, kaka yangu. Ni upindo tu, wa kuulinganisha na mheshimiwa."

Karani aliisoma upya amri ya jaji. Aliigeuza, akaisoma na nyuma. "Imesema tuhakikishe," alikiri mwishowe. "Haijasema tuhakikishe kwa kurefuka."

Alhamisi iliyofuata mahakama ilihamia mtaa wa Vigae: hakimu, karani na daftari lake, askari mmoja, na yuleyule fundi aliyeujenga ukuta, ambaye hakuona tatizo lolote. Jua lilikuwa kali. Bi Siwatu alikuwa ameamka mapema kupika wali wa nazi na kuku wa kupaka, na kando ya ukuta, upande wenye kivuli, aliweka kigoda cha mbuzi ya nazi alichokwisha kung'oa mbuzi yenyewe.

"Karibu, mheshimiwa. Kazi haiendi na njaa."

Hakimu alikaa, mgongo ukutani, akala. Alikula kwa uadilifu, akapakuliwa tena, akafuta vidole, akashusha pumzi. Hapo karani Pazi alikuja na daftari.

"Mheshimiwa, simama nikupime."

"Kwani sheria imesema asimame?" aliuliza Bi Siwatu.

Karani alifungua kitabu, maana hakuwa mtu wa kubahatisha. "Hakimu apimwe miguu yake ikiwa chini, naye akiwa kazini," alisoma.

"Na hakimu akiwa kazini husimama?"

Karani Pazi alikifunga kitabu. Alikumbuka miaka yake ishirini na saba ya mahakamani. "Hapana," alisema taratibu. "Hakimu akiwa kazini hukaa. Tunaosimama ni sisi."

Katika kazi yake, Bi Siwatu aliwahi kumpata mteja mmoja mvivu aliyekataa kunyanyuka kitini wakati wa kupimwa. Kanzu ya mtu yule iliishia magotini. Alimlaumu Bi Siwatu mwaka mzima, na Bi Siwatu hakumsahau. Sasa alichomoa kipande cha chaki yake ya kushonea, akamkabidhi karani kwa mikono miwili.

Karani alipiga mstari mlalo utosini kwa mheshimiwa: mstari wa kumi na mmoja wa matofali. Lakini wali wa nazi ni wali wa nazi. Wakati karani anaandika namba hiyo, kichwa cha hakimu kilianza kulegea, kikateremka, kidevu kikatua kifuani, na mkoromo mwembamba ukasikika.

"Mahakama imeteremka," alisema Bi Siwatu kwa upole.

Karani Pazi hakuwahi kupingana na mheshimiwa hata akiwa amelala. Aliufuta mstari wa kwanza, akapiga mwingine, kwenye mstari wa tisa.

Fundi alianza kazi. Matofali yalishushwa moja moja, yakapangwa pembeni kwa utaratibu, huku hakimu akilala na vumbi likimtua mabegani. Mlango ulipofunguliwa kwa ndani ulionekana kwanza utosi wa Bwana Feruzi, halafu macho yake, halafu masharubu, halafu kitambi chake chote kikawa juani.

Bwana Kigwe alikuja mbio, mmoja wa tausi akimfuata. "Mnabomoa ukuta wangu!"

"Hatubomoi kitu, mheshimiwa naibu mkurugenzi msaidizi," alisema karani. "Kesi haijasikilizwa bado. Tunatafuta mamlaka tu. Kama una pingamizi, peleka Mahakama ya Juu."

Bwana Kigwe alilipeleka siku hiyohiyo. Jaji Mlawa alimuuliza ukuta una mistari mingapi, akajibiwa tisa. Jaji alitazama chini, akaitafuta hiyo mistari tisa mwilini mwake, akaikuta usawa wa paja. Alisema hajawahi kudharauliwa namna ile tangu aapishwe.

Huku nyuma, Bwana Feruzi alikuwa ameukalia ukuta, mgongo ukielekea mtaani, akainua mguu mmoja, akauvusha. Akapumzika. Akainua wa pili. Askari alimshika mkono, na kigoda, ambacho hakimu alikuwa amekwisha kuteleza kutoka juu yake akalala chini kabisa, kikasogezwa kuwa ngazi. Bwana Feruzi akashuka, akasimama mtaani. Aliitazama miguu yake, akapiga hatua moja kwenda mbele, akarudi, akaipiga tena ileile. Bi Siwatu alikuwa ameileta kofia, ameipangusa vumbi. Akamvisha, akashindwa kuondoa mikono yake kichwani pa mumewe, wakasimama hivyo mbele za watu bila haya.

Punde hakimu alizinduka. Aliona ukuta, akaona chaki, akauliza ni mistari mingapi, na alipoambiwa uso wake ukang'aa. "Tuna mamlaka!" alisema akijipangusa vumbi. "Pazi, fungua faili. Mdai aje atueleze anadai nini."

Karani alilitoa faili chini ya blanketi, akamwita mdai mara tatu kwa sauti kubwa. Mdai hakuwepo. Kesi ikaahirishwa, na kwa taarifa tulizo nazo ingali inaahirishwa mpaka sasa, iko rafuni, inaheshimiwa, na saa yake hutiwa ufunguo kila Ijumaa.

Wakati anaitwa, Bi Siwatu alikuwa mtaa wa pili, ameshikana mkono na mumewe. Bwana Feruzi alibisha hodi nyumba ya kwanza, na Bi Mgeni, kikongwe aliyeishi peke yake, akatokeza.

"Leo huna barua," alimwambia Bwana Feruzi.

Bi Mgeni alishika kiuno. "Miezi minane, Feruzi! Miezi minane nimekaa sijui kama ninayo au sina!" Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akawapa maji ya kunywa.

Walipoendelea, Bwana Feruzi alikwenda akipumua kwa nguvu, maana alikuwa mzito kuliko alivyojizoea.

"Mama Zaina, yaani tumeshinda kesi?"

"Haijaanza kusikilizwa, Baba Zaina."

Bwana Feruzi alilifikiria hilo, akaiweka sawa kofia yake, akabisha hodi nyumba iliyofuata.